Spea za Magari ya Zamani: Uliza kwa Nambari, Usiulize kwa Jina

Ukiingia kwenye duka la spea Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, ukasema, "Naomba beringi ya alternita ya Peugeot 504," mara nyingi utajibiwa, "Hizo ziliisha zamani, mzee," au utatajiwa bei ya kukuvunja moyo. Rudi gereji, ifute mafuta beringi kuukuu, usome nambari iliyopigwa ubavuni. Tuseme ni 6203. Nenda duka la beringi uombe 6203, utapewa papo hapo, kwa kuwa beringi ya namba hiyo imo kwenye pikipiki, mashine za kufulia na mota za umeme. Hakuna atakayekuuliza unaendesha gari gani.

Sehemu kubwa ya ughali wa spea za magari ya zamani tunaununua wenyewe, kwa kuuliza jina la gari badala ya kuuliza nambari na kipimo. Nasema sehemu kubwa, si yote. Zipo spea zilizoadimika kwelikweli, na hizo zinataka subira, fedha na mpango wa mapema. Mwenye gari anayejua kuzitofautisha hulibakiza gari lake barabarani. Asiyejua huishia kulipandisha juu ya mawe, kuku wakataga ndani.

Kwa nini zinaadimika

Kiwanda hakitengenezi spea milele. Gari likishaondolewa sokoni, spea zake huendelea kuzalishwa kwa miaka kadhaa, kisha kalibu zake huwekwa kando au kuyeyushwa. Kuanzia hapo hubaki akiba iliyoko maghalani, spea zinazovuliwa kwenye magari yaliyokufa, na zile zinazotengenezwa upya na viwanda vidogo. Kiwanda kidogo hakiwezi kuwasha mashine kwa ajili ya mteja mmoja. Hungoja oda zifike idadi fulani, na gharama ya kalibu mpya hubebwa na wanunuzi wachache. Wakati huo huo watu wa Ulaya na Marekani wanaokusanya magari haya wananunua akiba ile ile kwa fedha zao, na shilingi yetu ikishuka thamani, sisi tunalipa mara mbili.

Kwa hiyo, kabla ya kununua gari la zamani, usiishie kuuliza ni la mwaka gani. Uliza yalitengenezwa mangapi, wapi, na hadi lini. Volkswagen Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Spea zake zinapatikana karibu kila bara. Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968, na saluni yake ikakoma kutengenezwa Ufaransa mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuyaunganisha magari haya hadi miaka ya 2000. Ndiyo maana gari lenye umri wa babu linaweza kufungwa spea yenye umri wa mjukuu.

Sasa lichukue gari la ukoo huo huo, 504 Coupé, lile ambalo Jean-Pierre Nicolas alishinda nalo Safari Rally ya mwaka 1978. Bodi yake ilitoka kwa Pininfarina, Italia. Kioo cha mbele, taa na milango ya saluni haviingii. Ukivunja kioo chake, umeingia kwenye soko jingine kabisa, hata kama gari lina nembo ile ile ya simba.

Lijue gari lako kwa undani

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kununua spea sahihi ya gari lisilo lako. 504 nyingi za petroli za silinda nne zilikuja na injini ya sentimita za ujazo 1796 au ile ya 1971. Kwa macho zinafanana. Pistoni ya ile ndogo ina kipenyo cha milimita 84, na ya ile kubwa milimita 88. Injini hizi zina lainer zinazotoka, kwa hiyo bloku haihitaji kuchongwa: unanunua seti ya lainer, pistoni na ringi, ukiwa na uhakika wa kipimo. Na kwa kuwa Peugeot 505 ilitumia injini za ukoo huo huo, mwenye 504 asipite mbele ya mzoga wa 505 bila kusimama.

Kwa Land Rover za zamani, kuanzia Series I ya mwaka 1948 hadi Series III iliyokoma mwaka 1985, mambo mengi yanaingiliana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kwenye Series IIA na Series III, mwisho wa nambari ya chasisi kuna herufi. Herufi hiyo inaonyesha mabadiliko yaliyofanywa na kiwanda kadiri miaka ilivyokwenda, na spea ya herufi A inaweza isiingie kwenye gari la herufi C. Inakili nambari nzima pamoja na herufi yake. Fanya vivyo hivyo kwa nambari ya injini na ya giaboksi, maana magari mengi ya umri huu yamekwisha badilishwa injini angalau mara moja. Angalia pia betri: Land Rover za mwanzo zilifungwa chanya kwenye bodi, na alternita ya kisasa ikifungwa bila kuugeuza mfumo huungua.

Ukishajua gari, jifunze kusoma spea yenyewe. Kwenye beringi za kawaida za gololi, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu la katikati kwa milimita: 6204 ni milimita 20, 6205 ni 25. Kanuni hii huanzia 04 kwenda juu. 6203 ni milimita 17. Oili sili nyingi zimeandikwa vipimo vitatu, kwa mfano 40-62-10, yaani unene wa shafti, kipenyo cha nje na upana wa sili. Kama maandishi yamefutika, kalipa ya bei ndogo itakupa majibu. Kwa nati na bolti, kumbuka kwamba magari ya Kiingereza ya miaka hiyo yalitumia nyuzi za inchi. Bolti ya milimita ikilazimishwa humo huharibu uzi, na uzi ulioharibika ndani ya kichwa cha injini ni hasara kubwa kuliko bolti kumi.

Spea za akiba ya zamani, zile ambazo bado zimo kwenye boksi la kiwanda, zinavutia macho. Za chuma, nunua. Za raba, jihadhari. Raba huzeeka hata ikiwa rafuni. Mpira wa breki uliokaa kwenye boksi miaka thelathini unaweza kupasuka siku ya kwanza. Na usioshe raba za breki kwa petroli wala oili ya injini, kwani huvimba na kuziba njia ya maji ya breki.

Nini kichongwe, nini kisichongwe

Mafundi wetu wa kukereza chuma ni hazina. Bushi, pini, spesa, puli, shafti fupi, hata kifuniko cha aluminiamu kinachoweza kumiminwa Kariobangi, Nairobi, vyote hivyo mpe fundi pamoja na sampuli ya zamani na vipimo vilivyoandikwa. Brekishuu zinabandikwa lainingi mpya, klachi pleti vivyo hivyo, rejeta inawekwa kiini kipya. Kazi hizi zimeyaweka magari ya zamani barabarani muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuagiza spea kwa simu.

Lakini mkono wa usukani, boli jointi, tairodi, bolti za magurudumu na silinda za breki visitengenezwe kwa kukisia. Chuma cha vitu hivi kina ugumu wake maalumu, na kikikatika hakitoi onyo. Nasimama imara kwenye hili: kama hujapata spea sahihi ya usukani au breki, gari lisubiri. Silinda kuu ya breki iliyolika inaweza kuvishwa silivu ya chuma kisichoshika kutu, lakini kwa fundi mwenye mashine na uzoefu wa kazi hiyo hasa. Na unapofungua breki za zamani, vumbi lake usilipulize kwa kompresa. Lainingi nyingi za enzi hizo zina asbesto, inayosababisha saratani ya mapafu. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, kisha ukitupe.

Ukilazimika kuagiza nje, piga hesabu yote kabla ya kulipa. Kodi haitozwi juu ya bei ya spea pekee. Hutozwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT hutozwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru. Tuchukue mfano wa spea ya dola 100, nauli dola 60, bima dola 2. Kama ushuru ni asilimia 10 na VAT ni asilimia 16 ya Kenya, umefika karibu dola 207, kabla ya ada nyingine na malipo ya wakala. Nauli ndiyo inayoumiza. Wenye magari ya aina moja wakikusanya oda zao kwenye mzigo mmoja, kila mmoja hupunguziwa kwa kiasi cha kuonekana. Vitu vidogo visiagizwe kimoja kimoja.

Usisahau pia kuuliza kiwanda. Baadhi ya viwanda vimerudi nyuma kuzikumbuka kazi zao: Toyota ina mpango wa kutengeneza upya spea za magari yake ya zamani, na Land Cruiser za mfululizo wa 40, zinazojulikana mno Afrika Mashariki na Uarabuni, zimo. Mwaka 2018 Porsche ilitangaza kuwa inachapa kwa printa ya 3D spea za magari yake adimu. Nenda kwa wakala ukiwa na nambari ya spea mkononi, uulize kama kuna nambari mpya iliyochukua nafasi yake.

Vioo, taa, nikeli za bodi, raba za milango na dashibodi ndivyo vitakavyokosekana kwanza, kwa sababu havina kipimo cha kawaida na fundi hawezi kuvichonga. Hivi vinunue unapovikuta, hata kama vyako bado ni vizima. Nami nina ombi kwa yeyote mwenye 504, Land Rover au Datsun iliyokufa uani: kabla hujawaita watu wa chuma chakavu, waite kwanza mafundi na wenye magari ya aina hiyo. Kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kioo na taa havina thamani yoyote. Kwa mwenzako anayevitafuta, ndivyo vitakavyolirudisha gari lake barabarani, naye atakulipa zaidi ya bei ya kilo.