Kutafuta Amri za Zamani kwa Herufi Chache

Ulipokuwa BTP uliandika amri ya kukokotoa wastani wa darasa: python3 wastani.py matokeo_kidato2.csv. Leo unaihitaji tena na huikumbuki vizuri. Usihangaike, bash, ile programu inayopokea amri zako kwenye Ubuntu, imeitunza. Ukibonyeza Ctrl na R inakutafutia, ila ina ukali wake: inataka herufi zifuatane kama zilivyoandikwa. Andika "wastani kidato" uone, hupati kitu.

fzf, programu ya bure iliyoanzishwa na Junegunn Choi mwaka 2013, ni mpole zaidi. Sakinisha kwa sudo apt install fzf, kisha kwenye faili la .bashrc (hapa nazungumzia Ubuntu 24.04) ongeza mstari huu:

source /usr/share/doc/fzf/examples/key-bindings.bash

Fungua terminali upya, bonyeza Ctrl na R, andika "wst kid". Amri yako hiyo hapo.

Ila elewa inasamehe nini. Inasamehe herufi zilizorukwa, sio zilizokosewa. Sisi tunaoandika "lipoti" badala ya "ripoti" tutaendelea kusota tu. Na Kiswahili kina mtego wake: ndani ya "mwanafunzi" mna "wanafunzi", hivyo ukitafuta wanafunzi.csv unaletewa na mwanafunzi.csv pia. Andika "wanafunzi !mwana", alama ya mshangao inaondoa usichokitaka. Kuna wanaoweka export FZF_CTRL_R_OPTS="--exact" ili neno litafutwe kama lilivyo. Mimi siipendi, maana "wst" haifanyi kazi tena.

Ubuntu hutunza amri 2000 tu kwenye faili. Humohumo kwenye .bashrc badilisha HISTSIZE iwe 10000 na HISTFILESIZE iwe 20000.

Sasa jambo ambalo wengi wanalipita. Getoni huku Levolosi laptopu moja inaweza kuwa ya watu watatu, akaunti moja. Nywila uliyoichomeka ndani ya amri mwezi uliopita, leo mwenzako anaipata kwa herufi nne, tena bila hata kuitafuta. Kwenye .bashrc ya Ubuntu mstari HISTCONTROL=ignoreboth upo tayari, kwa hiyo amri ukiianza kwa nafasi tupu haihifadhiwi. Iliyokwisha kuhifadhiwa, andika history uone namba yake; kama ni 412, andika history -d 412, halafu history -w. Ukiiacha hiyo ya mwisho, nywila inabaki kwenye faili.