NJIA ZA MILIMA YA SHIMBA: NANI ALIZIPASUA?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Bongwe

Katika kurasa hizi umezoea kukutana na ngeli, methali na mashairi. Leo nakuomba uvae viatu vya kufunika vidole, ubebe kibuyu cha maji, tupande mlima pamoja. Usihofu, Kiswahili hatutakiacha nyumbani. Somo letu ni neno moja tu: njia. Nataka kukuonyesha kwamba kila njia katika Milima ya Shimba ilipasuliwa na haja fulani, iwe ya maji, ya mnyama au ya binadamu. Na nataka ukubaliane nami kwamba njia ikizibwa, haja yenyewe haizibiki. Itatafuta pengine pa kupitia.

Mlima wenyewe

Sisi tukaao Bongwe, mgongo wa Shimba uko upande wetu wa magharibi. Si mlima wa kutisha. Hata penye mwinuko mkubwa haufiki mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Kirinyaga akiuona atacheka, atasema, "Ati huu nao ni mlima? Hiki si kichuguu!" Mwache acheke. Mlima haupimwi kwa urefu peke yake, hupimwa pia kwa kazi unayofanya.

Kazi ya Shimba ni hii. Upepo kutoka Bahari ya Hindi huja umebeba unyevu. Ukifika kwenye mgongo ule hulazimika kupanda, na ukipanda hupoa. Ndipo hupatikana ukungu wa asubuhi na mvua ambayo mara nyingine sisi wa huku chini tunaisikia tu kwa habari. Msitu huyapokea maji yale, nao mchanga na mawe ya mchanga yaliyo chini yake huyanywa polepole na kuyaachilia polepole. Kwa hiyo mito huwa na maji hata jua likiwa kali.

Njia ya kwanza: ya maji

Basi aliyetangulia kupasua njia Shimba ni maji. Mto Mkurumudzi huanzia huko juu, ukateremka mpaka baharini karibu na Gazi, penye mikoko. Chemchemi za Marere nazo zilitiwa mabomba enzi za ukoloni, maji yakapelekwa Mombasa. Hayo yalifanyika kabla bomba la Mzima halijaufikia mji huo katika miaka ya 1950. Kwa hiyo mkaazi wa Mombasa ambaye hajawahi kukanyaga Kwale huenda amekwisha kunywa Shimba bila kujua.

Ukitaka kuiona njia hii kwa macho, nenda kwenye maporomoko ya Sheldrick. Jina hilo ni la David Sheldrick, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Chama chetu kilikwenda. Kutoka Bongwe tulitokea Ukunda, tukashika barabara kuu ya Likoni mpaka Kombani, tukapinda kushoto kupanda Kwale. Lango la hifadhi haliko mbali na mji. Ndani, tulifuata kijia cha kuteremka msituni kama kilomita 2 hivi, askari wa wanyamapori akiwa mbele na bunduki yake. Maji huanguka kutoka zaidi ya mita 20 juu, na chini pana kidimbwi cha baridi kweli kweli. Kuteremka ni raha. Kupanda kurudi, mwenzangu, si mchezo! Tulihema kama watu waliofukuzwa.

Njia ya pili: ya ndovu

Hapa kwanza tuelewane kuhusu jina. Wenzetu wa bara husema tembo. Pwani tunasema ndovu, maana tembo kwetu ni kile kigemwacho mnazini. Wadigo husema ndzovu.

Ndovu mmoja mzima hula zaidi ya kilo 100 za majani na magome kwa siku. Mwenye tumbo la namna hiyo hawezi kukaa mahali pamoja. Hutembea, na akitembea hachagui ovyo. Hutafuta mteremko ulio mwepesi, huunganisha maji na malisho, na mama mkuu wa kundi huwafundisha wadogo. Njia zao huwa pana na zimeshindiliwa vizuri hata mtu akadhani zilichimbwa kwa jembe.

Ndovu hana njia hizo peke yake. Katika mbuga za majani juu ya mgongo huishi palahala, ambaye wengine humwita mbarapi. Dume lake ni jeusi, lenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea nyuma kama majambia. Katika Kenya nzima, mahali pa kumwona mnyama huyu akiishi porini ni hapa Shimba. Wataalamu waliiita jamii ndogo ya palahala hawa kwa jina la Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, ambaye msafara wake wa uwindaji ulifika Afrika ya Mashariki mwaka 1909. Yuko pia chura mdogo mno mwenye vijistari vyekundu mgongoni, ambaye makao yake yanayojulikana ni Shimba na viungani mwake. Na mimea ni zaidi ya aina 1,000. Hebu fikiri, hayo yote yako kwenye kile kichuguu cha kuchekwa!

Njia ya tatu: ya wazee wa kaya

Wazee wetu wanasimulia kwamba Wamijikenda walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakashuka na pwani wakijenga makaya ndani ya misitu. Kaya ilikuwa mji uliozungukwa na msitu mnene, na wa kuingia sharti apite njia maalumu. Njia ile ndiyo iliyokuwa mlango. Ndani mlizikwa fingo, yaani kinga ya mji. Kaya Kwale ni miongoni mwa makaya ya asili ya Wadigo. Na huku chini kwetu tunazo Kaya Muhaka, Kaya Diani, Kaya Ukunda na Kaya Kinondo.

Nilimwuliza babu yangu mzaa mama, "Babu, kwa nini njia ya kaya ilikuwa nyembamba vile?"

Akanijibu, "Mjukuu wangu, njia pana huita kila mtu. Nyembamba hukulazimisha kupita mmoja mmoja. Na mtu akipita peke yake huwa na adabu."

Adabu hiyo ina sheria zake: usikate mti, usiokote hata kijiti kikavu, usipige kelele. Mgeni anayezuru Kaya Kinondo leo hufungwa shuka nyeusi kabla ya kuingia. Msitu ule ni kama hekta 30 tu, lakini umesimama katikati ya mahoteli na viwanja vya kuuzwa. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliyatia baadhi ya makaya ya Wamijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia, na Kinondo ikiwamo. Nami nauliza: ni kitu gani kilichoulinda msitu ule kwa karne nyingi kabla ya UNESCO? Hapakuwa na uzio wa umeme wala askari. Palikuwa na njia moja, na wazee walioijua.

Njia ya nne: ya vita

Si kila aliyepanda Shimba alikwenda kuomba mvua. Mwaka 1837 Seyyid Said wa Zanzibar aliwavunja nguvu Wamazrui wa Mombasa. Baadhi yao wakahamia Takaungu, wengine wakaja Gazi. Huko Gazi ndiko alikotawala Sheikh Mbaruk bin Rashid, na nyumba yake ingali inaonyeshwa hadi leo. Mbaruk alikuwa na ngome nyingine huko bara milimani, mahali paitwapo Mwele. Akishindwa ufukweni, hupanda Mwele. Mwaka 1882 jeshi la Sultani chini ya Lloyd Mathews lilimzingira huko. Kisha mwaka 1895 kukazuka ugomvi wa kurithi utawala wa Takaungu, Waingereza wakaingilia kati, na Mbaruk akawapinga. Mwezi wa Agosti mwaka huo Admeri Rawson alipanda na askari wake kutoka pwani, akaiteka Mwele.

Ngome ilianguka, lakini vita havikwisha siku ile. Watu wa Mbaruk waliendelea kupigana mpaka mwaka 1896, kisha yeye akavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Unaona, msomaji? Mwenye bunduki kubwa alikuwa Rawson, ila mwenye kujua vijia alikuwa Mbaruk.

Miaka 20 baadaye vijia vya upande ule vililia tena. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliingia kutoka Tanganyika. Mwingereza mmoja, Arthur Wavell, aliunda kikosi cha Waarabu wa pwani kuwakabili. Aliuawa eneo la Mwele mwezi wa Januari 1916.

Njia ya tano: ya hifadhi

Serikali ya kikoloni iliutenga msitu wa Shimba mwaka 1903. Mwaka 1968 sehemu kubwa ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Ndipo zikaja barabara za magari, malango, ada za kuingilia na baadaye uzio wa umeme. Sisemi hayo ni mabaya. Bila hayo huenda mvule na mbambakofi zingekwisha kuwa vitanda na milango. Lakini mipaka ilipochorwa, ndovu hakuitwa mkutanoni, na njia zake zilikuwa zikitoka nje ya ramani.

Njia ikizibwa

Hapa ndipo somo linapouma. Pembeni mwa hifadhi kuna mashamba ya mahindi, mihogo na minazi. Shangazi yangu ana shamba upande ule wa chini ya milima. Usiku mmoja ndovu waliingia, na asubuhi hapakubaki mahindi ya kuchoma, sembuse ya kuweka ghalani. Wallahi, hakulia. Alikaa kwenye kigogo akahesabu mashina, kisha akasema, "Hawa wana njaa na mimi nina njaa. Tatizo ni kwamba wao wana uzito." Msimu uliofuata watoto wake walikesha dunguni wakipiga madebe, na asubuhi wakaenda shule wakisinzia.

Wakubwa wamejaribu dawa mbalimbali. Katika miaka ya 1990 wakulima wa Mwaluganje, kaskazini ya hifadhi, walikubali ardhi yao iwe hifadhi ya ndovu, nao wapate fungu katika mapato ya watalii. Hata kinyesi cha ndovu kikatengenezwa karatasi! Faida ya mpango huo ni kwamba njia ya ndovu iliachwa wazi. Udhaifu wake ni kwamba mtalii asipokuja, mkulima hana mahindi wala fedha.

Dawa nyingine ilikuwa kuwahamisha. Mwaka 2005 ndovu wapatao 150 walidungwa sindano ya usingizi, wakapakiwa malorini, wakapelekwa Tsavo Mashariki. Mpango wa awali ulikuwa kuhamisha 400. Ilikuwa kazi kubwa na ya gharama. Hata hivyo waliobaki wangali wanakula, wanazaa na kutembea, nasi tunaongeza nyumba. Kwa hiyo uzio ni muhimu na hata shangazi anautaka. Ila uzio uwekwe baada ya kuuliza: ndovu alikuwa akipita wapi, na sasa atapita wapi? Na mama aliyekuwa akifuata kuni na maji, naye atapita wapi? Asiyeulizwa swali hilo mchana hulijibu mwenyewe usiku, kwa mkonga au kwa panga.

Mambo ya kuzingatia ukienda

1. Usiingie vijia vya msituni bila askari. Ndovu na nyati hawasomi magazeti yetu.
2. Nenda asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali.
3. Usibebe chupa za plastiki za kutupa. Zimepigwa marufuku katika mbuga za taifa tangu Juni 2020.
4. Ukizuru kaya, mtangulize mzee. Akisema basi, ni basi.

Ombi langu kwa Chama cha Kiswahili ni hili. Vijia vingi vya huku kwetu vina majina ambayo hayamo katika ramani yoyote, yamo vinywani mwa wazee tu. Kila mwanachama likizo hii amwulize mzee mmoja jina la njia moja, nani alikuwa akiipita na kwa haja gani. Tuyaandike. Siku watakapokuja wenye ramani kutaka kupitisha barabara au uzio, tuwe na daftari la kuwawekea mezani.

Maswali

1. Taja njia tano zilizoelezwa, na haja iliyopasua kila moja.
2. Kwa nini mlima usiofika mita 500 una mvua na mito?
3. "Njia pana huita kila mtu." Eleza maana ya kauli hii, kisha utoe mfano kutoka kijijini kwenu.
4. Mjadala: Je, mkulima wa pembeni mwa hifadhi afidiwe mahindi yake, ahamishwe, au ahamishwe ndovu? Toa sababu zako, usitoe hasira.