Wawili, Hema Moja na Barabara za Vijijini Ufaransa

Miji mingi midogo ya Ufaransa iliyo kando ya mito ina uwanja wa kupigia kambi, na mara nyingi mwenye uwanja ni halmashauri ya mji wenyewe. Kibao barabarani kitasema "camping municipal". Ndani mtakuta nyasi zilizofyekwa, miti ya kivuli, bafu za maji moto, sehemu ya kuoshea vyombo, na bei isiyokaribia ya hoteli. Kwa mume na mke wanaotaka kuiona Ufaransa nje ya Paris bila kumaliza akiba, sijui njia bora kuliko hema, gari dogo na mto. Haya ndiyo ninayowaambia ndugu na marafiki wanaoniuliza, wawe wanatokea Dar es Salaam na Nairobi au tayari wanaishi Brussels na London.

1. Chagueni mto mmoja, si nchi nzima

Ufaransa inakaribia ukubwa wa Kenya. Hakuna anayedhani atamaliza Lamu, Turkana, Maasai Mara na Kisumu kwa wiki mbili, lakini watu hupanga Normandy, Alps, Provence na Bordeaux kwa muda huohuo, na likizo yote inaishia kwenye lami.

Mkipenda makasri ya wafalme, kaeni bonde la Loire, mto mrefu kuliko yote Ufaransa, wenye zaidi ya kilomita 1,000. Huko kuna Chambord, na kuna Chenonceau, kasri ambalo ukumbi wake mrefu umejengwa juu ya matao yanayovuka mto Cher. Mkipenda magenge marefu, nendeni Tarn, na mkashangae daraja la Millau lililofunguliwa mwaka 2004, ambalo nguzo yake ndefu zaidi, pamoja na mlingoti ulio juu yake, hufika karibu mita 340.

Mimi nachagua Dordogne bila kusita. Asubuhi mnakodi mtumbwi pale Vitrac na mkondo unawasukuma taratibu, kazi yenu ni kuelekeza tu. Mnapita chini ya kilima cha Domme, kisha La Roque-Gageac, ambako nyumba za mawe ya manjano zimebanana kati ya maji na jabali hadi huoni pa kuongeza hata kibanda. Mbele zinatokea ngome mbili zinazotazamana, Castelnaud ukingo huu na Beynac ukingo ule. Wakati wa Vita vya Miaka Mia, Castelnaud ilikaliwa mara nyingi na upande wa Waingereza, Beynac na wa Wafaransa. Mkiwa ndani ya mtumbwi mnaelewa uhasama huo haraka kuliko kwenye kitabu, kwa sababu mnaona walivyokuwa karibu. Mkifika mwisho, wenye mitumbwi huwarudisha kwa gari lao.

Siku ya soko Sarlat ni Jumatano na Jumamosi. Na msikose Montignac. Hapo ndipo lilipo pango la Lascaux, lenye michoro ya wanyama ya maelfu ya miaka, liligunduliwa mwaka 1940 na likafungwa kwa wageni mwaka 1963, kwa kuwa pumzi za watu zilianza kuiharibu michoro. Tangu 2016 kuna nakala kamili ya pango hilo palepale chini ya kilima. Ni nakala, ndiyo, lakini mbele ya wale fahali wakubwa waliochorwa mtasahau hilo. Siku nne au tano katika uwanja mmoja hazitoshi hata kidogo kwa eneo hili.

2. Someni bei vizuri, imepangwa kwa ajili ya wawili

Viwanja vingi huonyesha bei moja inayojumlisha eneo, gari, hema na watu wawili. Juu yake huongezwa kodi ndogo ya mgeni kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, na umeme ukitaka. Viwanja hupewa nyota, moja hadi tano. Nyota nne na tano maana yake ni mabwawa yenye mabomba ya kuteleza, muziki wa usiku na watoto wengi. Mkiwa wawili tu, nyota mbili zinawatosha. Wakulima wengine nao hukaribisha mahema machache shambani. Tafuteni kibao cha "camping à la ferme", na mara nyingi mtanunua mayai na jibini kwa mwenye shamba mwenyewe.

Ofisi za viwanja vidogo hufungwa mchana, kuanzia saa sita au zaidi kidogo. Fikeni saa kumi au kumi na moja jioni. Kuanzia saa nne usiku geti huwa limefungwa kwa magari, na kelele ni mwiko.

3. Hema la watatu, na mifuko ya kulalia inayoungana

Hema linaloandikwa la watu wawili linatosha miili miwili na si zaidi. Nunueni la watatu, ili mabegi yalale ndani. Kwenye mifuko ya kulalia kuna siri ambayo wauzaji hawaitaji mpaka uulize: chukueni miwili ya aina moja, mmoja zipu kulia na mwingine zipu kushoto. Hapo mnaifungua, mnaiunganisha, na inakuwa mfuko mmoja mkubwa. Usiku wa milimani, kwenye Massif Central au Alps, ni wa baridi hata Julai, na wawili katika mfuko mmoja hupata joto mapema.

Kanga msiiache nyumbani. Bafu ziko mbali na hema, na hakuna vazi bora la kwenda na kurudi. Inakuwa taulo, pazia la dirisha la gari, kitambaa cha meza. Bebeni pia malapa, sabuni, beseni dogo la kubebea vyombo, na karatasi za chooni, kwa sababu viwanja vingi haviziweki.

4. Umeme una mipaka, na gesi haipandi ndege

Mkiambiwa umeme ni ampea 6, fanyeni hesabu: 6 mara volti 230 ni wati 1,380. Birika la umeme la wati 2,000 litakata umeme mara moja, pengine na wa jirani. Tumieni umeme kuchaji simu na taa, chai ichemsheni kwa gesi. Plagi za Ufaransa zina pini mbili za mviringo, na nguzo nyingi za uwanjani zina soketi ya buluu ya nje yenye pini tatu. Ofisi nyingi huazimisha kiunganishi kwa dhamana ndogo.

Mtungi wa gesi hauruhusiwi kwenye ndege hata kidogo, na mitungi ya huko ina vichwa vya aina mbalimbali. Nunueni jiko na mtungi pamoja mkifika. Habari ya mkaa muulize kwanza. Kusini, wakati wa kiangazi, hatari ya moto wa misitu ni kubwa, moto wa wazi hupigwa marufuku na misitu mingine hufungwa kabisa. Mistral, upepo mkali wa bonde la Rhône, hugeuza cheche moja kuwa janga. Hili si jambo la kubahatisha.

5. Karatasi kabla ya hema

Mnaotoka nyumbani, ombeni viza ya Schengen mapema. Dirisha hufunguka miezi sita kabla ya safari, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Uthibitisho wa malazi unahitajika, kwa hiyo wekeni nafasi kwenye viwanja vinavyotoa barua. Leseni isiyoandikwa kwa Kifaransa iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri rasmi. Mkitaka gari la otomatiki semeni mapema, maana yenye gia za mkono ni mengi mno kwenye kukodisha. Hakikisheni fulana ya kuakisi mwanga na pembetatu ya tahadhari zimo ndani ya gari, sheria inadai zote mbili.

6. Kwenye pampu: "gazole" ni dizeli

Nalisema peke yake kwa sababu kosa hili huua injini. Neno hilo linasikika kama petroli, lakini ni dizeli. Petroli imeandikwa SP95, SP98 au E10. Ile ya E85 iacheni. Mafuta ya supermaketi ni nafuu kuliko ya barabara kuu.

7. Pitieni barabara za herufi D

Barabara kuu za kulipia zinafaa siku ya kwanza na ya mwisho. Katikati, fuateni barabara zenye herufi D, zile za mikoa, zinazopita katikati ya vijiji. Kasi ya kawaida huko ni kilomita 80 kwa saa, na mikoa mingine imerudisha 90, basi angalieni vibao. Ukiona kibao chenye jina la mji, hapo kasi imekuwa 50 hata kama hakuna namba. Jina likiwa limekatwa mstari, mmetoka mjini.

Kwetu Afrika Mashariki tunaendesha kushoto. Huko ni kulia, na kwenye kiplefti mnazunguka kinyume cha saa, mkiwapisha walio ndani. Kanuni inayowashtua wageni ni ya kulia: kwenye makutano yasiyo na kibao, anayetokea kulia kwako ndiye wa kupita, hata akitoka kichochoroni. Kibao cha almasi ya manjano kinakwambia kwamba kipaumbele ni chako. Anayekaa kando ya dereva ndiye msoma vibao, na mtu akisoma vibao simu haishiki.

Barabara nyingine za kulipia hazina vizuizi tena. A13 kutoka Paris kwenda Normandy ni mojawapo: kamera hupiga picha namba ya gari, nanyi mnalipa kwa mtandao ndani ya saa 72. Mkisahau, faini itawafuata kupitia kampuni ya gari.

8. Tumbo lifuate saa za kijiji

Maduka ya vijijini hufungwa mchana, Jumapili baada ya saa sita mji hunyamaza, na Jumatatu wengi hawafungui. Nunueni chakula Jumamosi. Mkate agizeni jioni ofisini, na asubuhi mtaukuta una moto. Ombeni "tradition": kwa amri ya serikali ya mwaka 1993 mkate huo hauruhusiwi viungo vya kuuhifadhi. Mkate, nyanya za sokoni, jibini la mbuzi na pichi, mezani kando ya mto. Hiyo ni karamu.

9. Salamu kwanza

Ukiingia dukani, ofisini, hata sehemu ya kuoshea vyombo, anza na "bonjour". Mwenye duka asiyesalimiwa hununa, kama mzee wa kwetu asiyepewa shikamoo, na hapa tuna bahati kubwa, maana sisi tumelelewa hivyo. Sehemu ya kuoshea vyombo ndiyo kijiwe cha kambi. Hapo mtaambiwa wapi maji ya mto ni salama na mkahawa gani unapika vizuri.

10. Jua halizami mapema

Mwishoni mwa Juni, Dordogne jua huzama karibu saa nne usiku. Wanaoswali wajue Magharibi itakuwa saa hizo na Isha itakaribia saa sita usiku au kuivuka. Bebeni vitambaa vya kufunika macho, kwani hema halizuii mwanga wa alfajiri.

11. Kuogelea kuna sheria zake

Mabwawa mengi ya kambi huwataka wanaume wavae nguo ya kubana, kaptura pana haziruhusiwi. Vazi la kike la kusitiri mwili mzima nalo hukataliwa katika mabwawa mengi. Ulizeni kabla ya kulipa. Mtoni kuna uhuru zaidi.

12. Msilale popote

Kupiga hema ovyo ni marufuku ufukweni, karibu na majengo ya kihistoria na kwenye maeneo yaliyohifadhiwa. Baadhi ya hifadhi za taifa, kama Écrins na Mercantour, huruhusu kulala usiku mmoja, kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu asubuhi, mbali na barabara kwa mwendo wa saa nzima kwa miguu.

13. Gawaneni kazi kabla ya kuchoka

Mume wangu hupiga vigingi, mimi natandika na kuwasha jiko, na hakuna anayemkosoa mwenzake mpaka chai iwe tayari. Mwenye kuchoka aseme amechoka. Hema halina chumba cha pili cha kununia.

Mkiwa na uhuru wa kuchagua mwezi, chagueni Juni. Siku ni ndefu, viwanja viko wazi, mto umepata joto na Wafaransa wenyewe bado wako kazini. Agosti, Jumamosi za likizo, barabara zao hujaa kuliko mwezi wowote.