Feni ya Lori na Kiyoyozi

Injini ya lori hupata joto kwa kuchoma mafuta. Maji huzunguka ndani yake, hulichukua joto lile na kulipeleka kwenye rejeta, na upepo huliondoa. Mbele ya rejeta ipo kondensa, itoayo joto la kiyoyozi. Nayo hutaka upepo ule ule. Lori likienda mbio, upepo huja wenyewe. Likisimama, hakuna wa kuuvuta ila feni, ambayo katika baadhi ya malori ni ya umeme.

Basi dereva akiona hewa ya kiyoyozi ni baridi safarini, lakini gari likisimama hugeuka moto na mshale wa joto hupanda, kwanza huishuku feni.

Fundi mwenye busara hakimbilii kununua feni mpya. Huwasha injini na kiyoyozi, akatazama. Feni ya umeme isipozunguka, huzima injini, akakagua fyuzi, kisha rilei, kisha waya. Mwisho huchomoa waya za feni, akaiunganisha na betri. Ikizunguka, ubovu umo katika njia ya umeme. Isipozunguka, mota yake imekufa.

Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya kiasi kile kile. Atiaye kipande cha waya aweza kuliteketeza gari. Tena kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kingali moto, maana maji yaliyobanwa hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na yakifunguliwa huruka na kumwunguza mtu uso. Wala mkono usiikaribie feni, kwani katika magari mengi huweza kuanza ghafula hata injini imezimwa.

Haraka haraka haina baraka.