Kiwiko cha Mtoto Kikivunjika: Picha Moja Haitoshi



Msimu wa maembe watoto hupanda miti, na wengine huanguka. Mtoto akianguka hutanguliza mkono, na kishindo huishia kiwikoni. Somo letu leo: eksirei inamwambia daktari nini, na kwa nini mzazi huambiwa arudi baada ya wiki moja?

DAKTARI ANATAFUTA NINI?

Haangalii tu kama mfupa umevunjika. Anajiuliza: umetulia, au utahama? Ndiyo sababu kiwiko hupigwa picha mbili, moja kwa mbele na nyingine kwa ubavu. Kuhusu mivunjiko iliyo juu kidogo ya kiwiko, madaktari wengi hufuata mafungu matatu yaliyoelezwa na daktari Mmarekani, Gartland, mwaka 1959:

1. Mfupa una ufa lakini haujahama. Umetulia; plasta ya wiki tatu hivi hutosha.
2. Mfupa umeinama, lakini upande wa nyuma bado umeshikana. Hapo daktari hupima kama plasta itaushika au la.
3. Mfupa umeachana. Huu haujatulia. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, mfupa hurudishwa mahali pake na kushikizwa kwa waya nyembamba.

KWA NINI KURUDI?

Kuna mvunjiko mwingine, ule wa upande wa nje wa kiwiko, ambao hudanganya watu. Sehemu kubwa ya kiwiko cha mtoto mdogo bado ni gegedu, na gegedu haionekani kwenye eksirei. Pengine ufa unaonekana mdogo, haufiki hata milimita 2, kumbe umepasua mpaka ndani ya kiungo. Unaweza kuhama polepole ndani ya plasta, na mzazi asijue. Picha ya pili ndiyo hufichua. Ukiachwa hivyo, mfupa huenda usiunge. Mkono hupinda kwenda nje, na miaka mingi baadaye kidole cha mwisho huweza kuingia ganzi.

USINGOJE TAREHE

Rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona:
- maumivu yanazidi badala ya kupungua;
- vidole ni baridi, vimepauka, au vina ganzi;
- mtoto hawezi kuchezesha vidole, au analia sana ukivinyoosha.

Huenda damu haipiti vizuri. Saa chache za kuchelewa zaweza kumlemaza mkono maisha yake yote.

Na tusikimbilie kwa mkandaji. Kukanda kwaweza kuhamisha mfupa uliokuwa umetulia, na vijiti vikikazwa sana huzuia damu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, mzazi akipewa tarehe ya kurudi hospitali, ni kitu gani humzuia: nauli, shamba, au kuona mtoto hana maumivu?
2. Je, mfuko wetu wa dharura waweza kulipa safari ya pili, si ya kwanza tu?
3. Nani kati yetu atamkumbusha mzazi tarehe yake?