Mtihani wa Mtoto na Ulimi wa Mzazi

Katika darsa yetu moja, baada ya sala ya Isha, ndugu yetu mmoja alituuliza suala ambalo hatukuweza kulijibu usiku ule ule, tukamuahidi kuliandika. Ana kijana wa kidato cha nne. Siku moja alipokuwa akikunjua mkeka ili auanike juani, ilianguka karatasi ya maksi za mtihani wa majaribio. Karatasi ile ilikuwa imefichwa kwa muda wa majuma matatu, na kijana kila alipoulizwa alijibu ya kwamba matokeo hayajatoka. Maksi zenyewe zilikuwa mbaya. Basi suala la ndugu yetu lilikuwa hili: mtoto mwongo aadhibiwe vipi, hali ya kuwa mtihani wa Serikali umebakia majuma matano tu?

Mzee mmoja miongoni mwetu akamrudishia suala kwa suala: "Ndugu yangu, mara ya mwisho alipokuletea maksi mbaya, ulimwambia nini?" Yule bwana alinyamaza kitambo, kisha akasema kweli, Mungu amjazi kheri. Alimwambia mwanawe ya kwamba karo yote imetupwa baharini, na ya kwamba mtoto wa ammi yake, aliyekulia nyumba hiyo hiyo, sasa yuko chuo kikuu. Hapo baraza yote ilinyamaza, kwani hapakuwa na mmoja wetu asiyepata kusema maneno kama hayo. Kijana yule hakusema uwongo kwa kuupenda. Aliona ya kwamba nyumbani mwao hapana mahali pa kuiweka kweli yake, akaiweka chini ya mkeka.

Hatusemi kuwa uwongo ni jambo dogo. Twasema kwamba mwenye kutaka kuung'oa na aanze kwenye mzizi, na mzizi huu umo katika vinywa vyetu sisi wazazi.

Kwanza na tukiri kuwa hofu ya watoto wetu si ya bure. Mtihani wa KCSE, unaofanywa tangu mwaka 1989, humtaka kijana alete mbele ya wasimamizi masomo ya miaka mine katika siku chache za mwezi wa Oktoba na Novemba. Mwaka 2024 waliufanya watahiniwa 962,512, na waliopata daraja ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo mlango wa kuingilia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Yaani kiasi cha mtu mmoja katika kila wanne. Mtoto azijua hesabu hizi kuliko sisi. Azisikia shuleni asubuhi, azisikia kwa mwalimu wa tusheni jioni, na akirudi nyumbani azikuta zimemtangulia mezani pamoja na chakula. Mzazi adhani kuwa akimkumbusha mtihani mara kumi kwa siku amemsaidia, kumbe ni kumbebesha mzigo ambao tayari umo kichwani.

Wenye elimu ya nafsi wameyachungua mambo haya. Hofu ndogo humwamsha mtu. Hofu kubwa humnyang'anya ile nafasi ya akili anayofanyia kazi. Mfano wake ni sinia: ikiwa imejazwa hofu, hesabu itawekwa wapi? Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, walieleza ya kwamba wanafunzi wenye hofu nyingi walipopewa dakika 10 kabla ya mtihani waandike waziwazi yale yanayowatia khofu, walifanya vyema kuliko wenzao wenye hofu kama hiyo ambao hawakuandika. Kuitoa hofu nje kulifungua nafasi ndani. Na ikiwa karatasi tupu yaweza kumsaidia mtoto kiasi hicho, sembuse sikio la mama yake?

Na tutazame pia mwendo wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Anas bin Malik aliletwa na mama yake kumtumikia Mtume hapo Madina, naye ni kijana wa kiasi cha miaka 10, akamtumikia miaka 10. Ndiyo kusema kwamba ujana wake wote, umri huu huu wa watoto wetu wa shule, aliupitisha chini ya mkono wa Mtume. Naye Anas mwenyewe amehadithia kwamba katika muda ule hakupata kuguniwa hata mara moja, wala kuulizwa kwa kulaumiwa juu ya alilolitenda, kwa nini amelitenda, au aliloliacha, kwa nini ameliacha. Wala mtu asidhani kuwa Anas aliharibika kwa kudekezwa. Alikuja kuwa miongoni mwa waliohifadhi na kupokea Hadithi nyingi mno katika umma huu.

Baadhi yenu watasema: basi mtoto asiulizwe? Aulizwe. Lakini ziko namna mbili za kuuliza. "Kwa nini umeshindwa?" ni hukumu iliyovaa nguo za suala, haina jibu ila machozi au uwongo. "Suala lipi lilikushinda?" ni suala kweli, na mtoto ataleta karatasi alionyeshe. Wa kwanza ameketi kiti cha kadhi. Wa pili ameketi mkekani pamoja na mwanawe.

Sasa tuje kwenye kusoma kwenyewe, kwani hapa tuna dhulma nyingine tunayoifanya kwa nia njema. Mzazi aamka saa nane za usiku, aona taa ya mwanawe yawaka na kitabu kiko wazi, naye hufurahi na kumshukuru Mungu. Lau angalikaribia angaliona kuwa ukurasa ni ule ule tangu saa tano. Usingizi si adui wa masomo. Wakati wa usingizi ndipo akili huyatengeneza na kuyakaza yaliyosomwa mchana. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walioshughulikia usingizi walitoa shauri ya kwamba vijana wa miaka 13 hata 18 walale saa 8 hata 10 katika kila saa 24. Mtoto wa Kiislamu atakayeamka saa kumi na moja kwa sala ya Alfajiri, apaswa kuwa amelala saa tatu za usiku ili azipate hizo 8. Basi hebu tujiulize nyumba zetu hulala saa ngapi, na televisheni ya sebuleni huzimwa na nani.

Ama namna ya kusoma, wazee wetu waliijua kabla ya vyuo vikuu kuiandika. Chuoni mtoto hakuachwa autazame msahafu tu siku nzima. Aliufunga, akasoma kwa moyo mbele ya mwalimu, alipokosea akarudishwa, na kesho akafanya muraja'a wa yale ya jana na ya juzi. Mwaka 2006 wataalamu Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari wazisome. Wengine walizirudia kuzisoma, na wengine walifunga karatasi wakajaribu kuziandika kwa kukumbuka. Baada ya dakika 5 wale waliorudia kusoma walionekana mbele, lakini baada ya juma moja waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Na hapa ndipo wengi hudanganyika, kwani kurudia kusoma humtia mtu raha ya kudhani kuwa ameshajua. Basi mzazi ambaye hakusoma shule naye ana kazi: amwambie mwanawe afunge kitabu na amweleze somo kwa Kiswahili. Mama asiyejua kemia ajua vyema mtu anapobabaika.

Liko jambo la nyumba na mtaa. Nyumba zetu za miji ya kale zimebanana, na chumba kimoja hulala watoto wanne. Hatuwezi kuzipanua kuta, lakini kelele twaweza kuzipunguza. Mwezi wa mitihani si mwezi wa kufunga vipaza sauti vya harusi mtaani mpaka usiku wa manane, na hata maulidi na mawaidha yetu hayahitaji kusikika mtaa wa tatu. Msikiti ukifunguliwa baina ya Magharibi na Isha, kukawa na taa na kimya, watoto watano wa mtaa watapata mahali pa kusomea bila ya gharama.

Na mtoto wa kike? Hili twalisema kwa uchungu. Ndugu wawili waweza kuwa katika mwaka mmoja wa mtihani. Wa kiume huambiwa "nenda kasome," na wa kike huambiwa aoshe vyombo, amlaze mdogo wake, akune nazi, kisha ndipo asome. Matokeo yakija huulizwa mbona kakake amempita. Nu'man bin Bashir alipopewa zawadi na baba yake, na baba akaenda kumtaka Mtume awe shahidi, Mtume alimuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Aliposema la, Mtume akakataa kushuhudia. Saa mbili za kusoma ni zawadi pia, tena katika mwezi wa Oktoba ni kubwa kuliko mtumwa au bustani.

Kuna wazazi ambao hofu yao huwapeleka kubaya zaidi. Wengine humwendea mganga kutafuta hirizi ya kushonwa katika mfuko wa shati, au kombe la kumnywesha mtoto asubuhi ya hesabu. Tumeshaandika juu ya haya mara nyingi, wala hatutayarudia, ila tutasema hili: mtoto aliyefungwa hirizi amekwisha ambiwa na mzazi wake kuwa bidii yake haitoshi. Wengine hutoa pesa kununua karatasi za mtihani zinazodaiwa kuibwa. Katika mtihani wa mwaka 2015 watahiniwa 5,101 wa KCSE walifutiwa matokeo kwa udanganyifu, na mwezi wa Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Aliyepoteza miaka mine ni mtoto. Tena na anunue karatasi ya kweli: amemfundisha nini mwanawe kuhusu amana?

Tufike sasa penye khatari, na tuwaombe wasomaji wasipaharakishe. Kuudhika kidogo, kukosa hamu ya kula siku moja, hayo ni ya kawaida. Lakini mtoto akiwa hali siku nyingi, halali, aumwa na kichwa au tumbo kila asubuhi ya shule na daktari haoni ugonjwa, ajitenga na rafiki zake, agawa vitu vyake, au asema maneno kama "afadhali nisingalizaliwa," asiachwe peke yake, wala asiambiwe kuwa ana upungufu wa imani. Aulizwe waziwazi kama awaza kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Kisha apelekwe hospitali. Zamani wengi waliogopa kwa kuwa sheria ya Kenya ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba kifungu hicho hakiafikiani na Katiba. Basi mtu asimfiche mgonjwa wake kwa kuogopa polisi, wala kwa kuogopa maneno ya jirani, kwani jirani hatazaa mwingine kwa niaba yako.

Siku ya matokeo nayo ina adabu zake. Yakitoka, simu za ukoo mzima huanza kulia: shangazi, ammi, na watu wasiopata kuuliza hali ya mtoto tangu Idi. Mpe mtoto haki ya kuyaona kwanza na kukuambia kwa kinywa chake. Wengine wasubiri. Na neno la kumwambia lisingoje siku hiyo. Aambiwe sasa, kabla ya mtihani, kuwa atabakia mwana wa nyumba hii kwa daraja yoyote, kwani akiambiwa baadaye atadhani ni kubembelezwa.

Tena asiyeipata C+ hakufungiwa riziki. Mwenye C- hupokewa diploma katika vyuo vya ufundi, na mwenye D hupokewa kozi za fundi. Sisi watu wa Mombasa ndio wa mwisho wa kuona haya kwa jambo hili. Chuo kile cha Tudor kilianzishwa zama za Waingereza kwa ajili ya Waislamu wa Afrika ya Mashariki wajifunze ufundi, kikijulikana kwa jina la MIOME. Waliotoka humo waliendesha mitambo na vyombo vya bahari, wakajenga nyumba na kusomesha watoto. Tangu 2013 chuo hicho hicho ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Ndugu yetu aliyeuliza hakungoja makala haya. Usiku ule alirudi nyumbani, akamwita mwanawe, akaiweka ile karatasi juu ya mkeka baina yao, akamhadithia juu ya ripoti yake mwenyewe aliyoificha alipokuwa na umri huo, ndani ya dau la babu yake, mpaka ikalowa maji ikaoza. Kijana akacheka, kisha akalia. Kisha akasema kwamba hesabu zilimpotea tangu kidato cha pili, na hapakuwa na mtu aliyemuuliza zilimpotea wapi. Mmoja wa wanadarsa wetu ni mwalimu wa hesabu. Sasa hukaa naye baada ya Alasiri, siku tatu kwa juma, na kijana huja na karatasi zake zote, nzuri na mbaya.