SOMO: KUCHAGULA DARUBINI YA BEI NDOGO

Wanafunzi wenzetu, wengine wanatuuliza: tukichanga feza ya darubini moja ya kutazamia ndege, tuchukue ya namna gani? Muuzaji ataonyesha kwanza ile ya 20x50, kwa sababu 20 inapendeza macho. Tusikimbilie.

Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele, kwa milimita. Mugawanye ya pili kwa ya kwanza: 8x30 inaleta kwa jicho duara ya mwangaza ya milimita 3,75, lakini 20x50 ni 2,5 tu. Jioni, ao ndani ya pori la Epulu, hiyo ni giza. Tena mukono ukitetemeka, picha inaruka mara 20. Na saa sita ya muchana, pale njia inapotelemukia Kasenyi, joto la bonde la Ziwa Albert linachezesha kila kitu. 20 inakuza ule mchezo tu.

Kwetu 8x30 inatosha, hata ya mutumba. Mbele ya kulipa, mutazame pembe ya nyumba ya mbali. Mukiona pembe mbili, vioo vimepinda: murudishe, hata akipunguza bei.